Mlo wa kalori za kiasi katika jiko la Pemba: ninunue nini na nipunguze nini mwanzo wa mwezi?

Mama wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ninaishi Wete pamoja na mume wangu, mama mkwe wangu na watoto wetu watatu, ambao mdogo wao ana umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Kliniki wametupima, wakatueleza mimi na mume wangu kwamba uzito wetu umezidi kiasi kinachofaa kwa kimo chetu, na mama mkwe wangu ni mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa kila siku. Tumeshauriwa kupunguza kalori na kuongeza mboga na matunda, nasi tumeukubali ushauri huo kwa moyo mmoja, lakini kila ninapoingia stoo naona kwamba stoo yenyewe haikupangwa kwa ajili ya mlo wa namna hiyo. Mwanzo wa mwezi mume wangu huleta polo la mchele, dumu la mafuta la lita 5, kilo 6 za sukari, unga wa ngano na tambi, kwa sababu vitu hivyo vikinunuliwa kwa wingi bei yake hushuka, na samaki na mboga hununuliwa siku kwa siku kwa fedha inayobakia. Ikifika tarehe 20 fedha hiyo huwa imekwisha, na hapo ndipo tunapokula wali kwa mchuzi mwepesi, au chai kwa maandazi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyomo ndani.

Nimesoma maelekezo mengi katika simu, na karibu yote yananitaka ninunue lozi, mafuta ya zeituni, brokoli na nafaka za pakiti ambazo hapa kwetu ama hazipatikani, ama zinauzwa kwa bei tusiyoiweza. Naomba wenye ujuzi wanieleze kwa vitu vya hapa hapa: nikianza mwezi ujao, kipi kiingie stoo kwanza, kipi kipungue na kwa kiasi gani, na vipi nitavihifadhi kwa friji ndogo niliyonayo. Naomba pia nielezwe namna ya kukadiria kalori ikiwa sote tunakula katika sinia moja, maana sina nia ya kuwatenganisha watu wa nyumba yangu wakati wa chakula, wala sina uwezo wa kupika vyungu viwili.

Mwalimu wa Sayansikimu, Unguja

Wa alaykumu salaam mwanangu. Umefanya vizuri kulianzia swali lako stoo, kwa sababu mpishi hupika kilichomo, na saa ya adhuhuri watu wakiwa na njaa hakuna anayekwenda sokoni kutafuta kilicho bora. Nitakujibu kwa urefu juu ya vitu vitatu, kwani katika majiko yetu kalori nyingi zinazozidi hutoka humo: mafuta, sukari na tui.

Tuyaanze mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4 tu. (Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti.) Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kiasi cha kalori 120, na lita moja ina zaidi ya 8,000. Chukua sasa dumu lako la lita 5, uligawe kwa siku 30 na kwa watu sita wa nyumba yako: kila mtu anapata karibu kalori 230 kwa siku kutokana na mafuta ya kupikia peke yake, na kwa kuwa watoto wanakula kidogo, fungu lenu watu wazima ni kubwa zaidi ya hapo. Mkishuka mpaka lita 3 kwa mwezi, kila mmoja anapungukiwa na kalori 90 hivi kila siku, bila ya kupunguziwa hata tonge moja ya chakula. Dumu likiwa ndiyo bei nafuu, endelea kulinunua, lakini lihesabu kuwa ni la wiki saba badala ya wiki nne. Jaza mafuta katika chupa ndogo ya jikoni, dumu libaki stoo, na usimimine tena kwa kukisia; pima kwa kijiko. Vijiko viwili vikubwa vinatosha mchuzi wa watu sita. Kitunguu kikianza kushika, nyunyiza maji kidogo na ufunike sufuria. Kitunguu na tungule (nyanya) vitalainika kwa mvuke wake, na mchuzi utakuwa mzito wa tungule zenyewe.

Sukari nayo ina mahesabu yake. Kilo 6 kwa watu sita kwa mwezi ni kiasi cha gramu 33 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hatujaitia soda, wala juisi ya pakiti, wala biskuti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi isifike asilimia 5; kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 5 hiyo ni gramu 25 tu, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina gramu zinazokaribia 35, kwa hivyo mtu akiinywa amekwishavuka kiasi hicho kabla ya chai yake ya jioni. Mwezi ujao nunua kilo 4, mwezi unaofuata 3. Punguza katika chai kwa nusu kijiko kila baada ya wiki, na uzidishe hiliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai, kwani ulimi huzoea polepole na harufu ya viungo husaidia sana. Sisi tunaoishi katika visiwa vya viungo hatuna sababu ya kunywa chai isiyo na ladha.

Kuhusu tui, sitakwambia uliache. Nyama ya nazi ina kalori zipatazo 350 katika kila gramu 100, na theluthi yake ni mafuta, tena mengi yake ni yale yanayoganda, ambayo hatupaswi kuyazidisha. Nazi mbili za wastani zikikamuliwa vizuri katika kilo moja ya mchele zinaweza kuongeza zaidi ya kalori 1,000 juu ya kalori 3,600 zilizomo katika mchele wenyewe. Kwa hivyo fanya kama ifuatavyo: kila mlo uwe na chungu kimoja tu chenye tui. Ukipika wali wa nazi, mchuzi uwe wa ndimu au wa ukwaju, na mboga iwe ya kuchemsha au kachumbari. Ukipika mchicha, mbaazi au pweza wa nazi, wali uwe mweupe. Na mara nyingi tia tui jepesi tangu mwanzo, kisha kasimele (tui zito) ya vijiko viwili vitatu mwishoni kabla ya kuipua. Ladha ya nazi utaipata, na kiasi utakuwa umekimiliki.

Fedha utakayoiokoa katika lita 2 za mafuta na kilo 2 za sukari usiiingize katika matumizi mengine. Itenge tangu siku ya mwanzo kwa mboga na samaki wa siku 10 za mwisho, na sehemu yake nunua nafaka za kunde ambazo hazitegemei friji: choroko, kunde, mbaazi, adesi na maharage, kilo moja moja au mbili mbili. Zikiiva zina kalori kati ya 100 na 130 kwa gramu 100, zina protini ya kutosha, na nyuzi zake humfanya mtu ashibe na akae na shibe yake. Zianike juani mara moja kabla ya kuziweka, kisha uzitie katika ndoo au chupa zenye vifuniko vinavyokaza, ili wadudu wasizifikie. Choroko na adesi hazihitaji kurowekwa usiku kucha, kwa hivyo ndizo za kukuokoa siku ambayo umechelewa.

Mchele usiuogope. Gramu 100 za wali mweupe zina kalori 130 hivi, na gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina kalori 150 au zaidi. Wako watu wengi wanaoacha wali, wakala muhogo wa nazi sahani nzima, kisha wakashangaa uzito wao kubaki pale pale. Viazi vitamu ni vyepesi zaidi, kiasi cha kalori 80 hadi 90, na shelisheli ni kiasi cha 100. Boga ndilo jepesi kuliko yote, halifiki hata 30, ilimradi usilipike kwa nazi na sukari.

Kijana wa Jang'ombe

Mwalimu, shikamoo. Nimefaidika na maelezo yako, lakini kwa heshima natofautiana nawe katika jambo la tui na wali. Mtu aliyezoea vitu hivi tangu utotoni hawezi kuvipunguza nusu nusu. Vikiwemo ndani ya nyumba atavirudia. Mimi niliviondoa kabisa, nikawa nakula uji wa oti asubuhi na saladi usiku, na nilipungua haraka. Ningemshauri dada yetu asinunue mchele kwa mwezi mmoja, na sukari aibadilishe kwa asali au sukari guru, ambavyo ni vitu vya asili na havina madhara.

Mkaazi wa Tumbe

Assalamu alaykum. Mimi nitazungumza juu ya samaki peke yake, kwa sababu ndiyo kazi niliyokulia, na kwa sababu naona watu wengi wanaotaka kupungua wanakimbilia kuku wa boksi wakati bahari iko mbele yao.

Samaki wetu karibu wote wana kalori chache kwa protini wanayoitoa. Jodari mbichi ana kiasi cha kalori 110 kwa gramu 100, na pweza kiasi cha 80. Kinachowazidisha ni kikaango, kwa sababu samaki aliyekaangwa katika mafuta mengi huyanywa mafuta hayo, na akipakwa unga kwanza huyanywa zaidi. Mchome, mchemshe kwa ndimu, pilipili mbichi, thomu na bizari, au mweke katika sufuria iliyofunikwa juu ya tungule na vitunguu bila ya tone la mafuta. Kolekole na changu wanapendeza sana kwa namna hiyo.

Dada yangu analalamika kwamba fedha ya samaki humalizika kabla ya mwezi, na hapo ndipo dagaa wanapofaa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika siku za kiza, na mwezi ukiwa mpevu uvuvi wake hupungua, kwa hivyo bei hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa mbinguni. Nunua katika siku za kiza wanapokuwa wengi, tena wa wiki kadhaa kwa pamoja. Dagaa mkavu ana protini nyingi mno, na ukimla pamoja na miba yake unapata madini ya chokaa yanayohitajiwa na mifupa ya watoto na ya bibi yao. Lakini kumbuka kwamba dagaa wetu wa baharini huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke katika maji ya vuguvugu, uyamwage, uwasuuze tena, na usitie chumvi katika chungu mpaka uonje. Ng'onda na papa mkavu nao ni hivyo hivyo, na wao chumvi yao ni kali zaidi; katika nyumba yenye mtu wa presha ningewaweka mbali.

Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, samaki mkubwa huadimika na bei huwa haishikiki. Katika miezi hiyo usijilazimishe, pika choroko au kunde, na utie dagaa kidogo kwa ladha. Samaki mbichi ukimpata kwa bei nzuri mpare, mkate vipande vya mlo mmoja mmoja, mpake ndimu, na kila mlo uutie katika mfuko wake kabla ya kuuweka kwenye barafu, ili usilazimike kuyeyusha samaki wote kwa ajili ya vipande sita.

Muuguzi wa Mkoani

Nawashukuru waliotangulia. Nina mambo ambayo lazima niyaseme kabla dada yetu hajabadilisha chochote, na la kwanza linamhusu mama mkwe wake.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano za insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, dozi yake imepangwa kwa kukadiria chakula anachokula. Ukimpunguzia wanga ghafla huku dawa ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka mpaka kiwango cha hatari, yaani chini ya milimoli 4 kwa lita, na dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ikitokea hivyo naye bado anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe baada ya dakika 15, na arudiwe ikiwa haijapanda; akiwa hawezi kumeza, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa sababu hii siungi mkono rai ya kuiondoa sukari yote katika nyumba yenu. Punguzeni mnayoitumia, lakini pasikosekane kikopo kidogo kinachojulikana na kila mtu pale kilipo, hata watoto wakubwa. Mpelekeni kliniki mkawaeleze kwamba mnabadilisha mlo, ili dawa ziangaliwe pamoja na chakula.

Pili, kijana wetu wa Jang'ombe ametaja asali na sukari guru. Asali ina kalori 300 hivi kwa gramu 100, sukari guru inakaribiana na sukari ya kawaida, na zote mbili hupandisha sukari ya damu. Katika mwongozo ule ule alioutaja Mwalimu, asali na juisi za matunda zimehesabiwa pamoja na sukari ya kuongezwa. Tunda zima ni jambo jingine, kwa kuwa nyuzi zake zimo. Kwa hivyo papai, chungwa au embe liliwe, lisisagwe. Dafu ni bora kuliko soda kwa mbali, ingawa mgonjwa wa kisukari anapaswa kulihesabu nalo.

Ama oti, ni chakula kizuri na sina neno nacho. Hata hivyo uji wa mtama au wa uwele usiokobolewa, uliopikwa bila sukari, unafanya kazi ile ile kwa bei ndogo, na unapatikana katika kila soko la Pemba. Kuacha wali kwa mwezi mzima katika nyumba ya Kizanzibari yenye watoto na mtu mzima naona ni mzigo utakaomvunja moyo mpishi kabla haujampunguza mtu uzito. Kupungua kusikozidi nusu kilo kwa wiki ndiko tunakokupenda, na kwa watu wengi wazima hilo hupatikana kwa kupunguza kiasi cha kalori 500 kwa siku; mtu asijishushe chini ya 1,200 bila ya kusimamiwa na mtaalamu, na mama mjamzito au anayenyonyesha asianze kabisa mpaka apate ushauri.

Tatu, watoto. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji mafuta kwa ajili ya ukuaji wa ubongo wake, wala halazimiki kufuata kipimo cha wazazi. Upike chungu kimoja kama ulivyotaka, kisha chakula chake ukiongezee yai lililopondwa, maziwa, kipande cha embe mafuta (parachichi), au njugu zilizosagwa laini. Njugu nzima asipewe, zinaweza kumkaba. Embe mafuta na njugu ni vyakula bora hata kwa watu wazima, lakini konzi moja ya njugu ina kalori zipatazo 170, kwa hivyo zipimwe, zisiachwe mezani ndani ya bakuli kubwa.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo ndani ya vidonge vya mchuzi.

Mama wa Wete

Nawashukuru nyote, na Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimekwishazungumza na mume wangu, na suala la kliniki tutalitekeleza wiki hii kabla ya jingine lolote, kwa sababu mama anatumia insulini asubuhi na jioni, na jambo la kushuka kwa sukari tulikuwa hatulifikirii. Yamebaki mambo mawili yaliyonitatiza: sinia, na chakula cha asubuhi, maana watoto na baba yao wamezoea maandazi au chapati, nami sijui niweke nini mahali pake kwa bei hiyo hiyo.

Bi Mkubwa wa Chake Chake

Mwanangu, sinia lisikutie wasiwasi, kwani kipimo kinafanyika jikoni. Kikombe kimoja cha mchele mbichi hutoa vikombe vitatu hivi vya wali, na kikombe kimoja cha wali mweupe ulioiva kina kalori 200 hivi. Kwa nyumba yako pika vikombe viwili, upate sita: mtu mzima anayejipunguza ahesabiwe kikombe kimoja hadi kimoja na robo, na kinachobakia ni cha watoto. Pakua wali wote uliopimwa uutandaze pembeni mwa sinia, katikati ujaze mboga na kachumbari mpaka nusu ya sinia iwe ni majani, matango, tungule na vitunguu, na samaki umgawe kwa vipande, kila mtu na chake mbele yake. Sufuria libaki jikoni, lisiletwe mkekani, kwa sababu wali wa kuongezwa haukumbukwi na mtu. Mama mkwe wako mpakulie wake katika kibakuli, kiasi kile kile kila siku kama watakavyokuelekeza kliniki, na kibakuli hicho kiwekwe juu ya sinia hilo hilo mbele yake, ale pamoja na wenziwe akichota mboga na mchuzi wa pamoja. Mkubwa wa nyumba asile peke yake.

Friji ndogo inatosha ukijua nini hakihitaji kuingia. Boga zima, vitunguu, viazi vitamu na ndimu za siku chache vikae nje mahali pakavu penye upepo. Mchicha, matembele na mronge nunua kwa siku mbili tu, uchambue, uviringe katika kitambaa kikavu, uweke chini. Kabichi na karoti zinazoletwa kutoka bara hudumu zaidi, kwa hivyo hizo ndizo za siku za mwisho wa wiki. Mara moja kwa wiki chemsha tungule nyingi pamoja na vitunguu, thomu na tangawizi bila mafuta mpaka zikauke maji, uzigawe katika vikopo vya mchuzi mmoja mmoja, ugandishe. Mwenye kikopo hicho anapika choroko au dagaa kwa muda mfupi na hashawishiki kukaanga. Tui nalo, ambalo kwa joto letu halilali, ligandishe kwa robo kikombe, uchukue moja tu kwa chungu. Insulini ya mama iwe katika rafu ya kati, mbali na sehemu ya barafu, maana ikiganda haifai tena.

Kwa asubuhi, maandazi yabaki kuwa ya siku ya Ijumaa. Siku nyingine zungusha kati ya viazi vitamu vya kuchemsha kwa yai moja, uji wa mtama wenye hiliki, mbaazi za tui jepesi kwa kipande cha boflo, na mkate wa mofa ukimpata mwenye kuuoka karibu yako, kwa kuwa huo huiva kwa moto wa tanuri na hauhitaji mafuta. Unga wa ngano utakaobaki kwa kutokaanga maandazi kila siku ni mwingi, kwa hivyo mwezi ujao mwambie mume wako alete nusu ya unga anaouleta sasa, na fedha ya nusu iliyobaki inunue mayai na mtama. Chapati ukizitaka, zipike juu ya chuma kikavu na uzipake mafuta kwa brashi upande mmoja, moja kwa kila mtu mzima, na uzile kwa maharage, usizile kwa chai ya sukari.